Rasimu za PhD zinaozea kwenye imeili, Kigoma tunabaki bila wanasaikolojia tiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi tulioko huku Kigoma tunaliongea sana kwenye korido za hospitali na kwenye magrupu ya wasap lakini bado sijaona mtu akiliandika. Kila ikifika Oktoba 10, siku ya afya ya akili duniani ambayo inaadhimishwa tangu 1992, magazeti yanajaa habari za uhaba wa wataalamu mikoani, viongozi wanatoa hotuba, tunagawiwa tisheti, tunapiga picha, halafu Oktoba 11 inaingia na hakuna aliyeuliza hao wataalamu wanapatikanaje na wanakwamia wapi. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi huku huku mkoani, PhD yangu, yaani uzamivu, nimeimaliza nikiwa huku, na sasa nawashika mkono wadogo zangu kadhaa ambao wako katikati, wengine Kigoma na wengine Tabora. Ninachokiona ni kwamba hawakwamii kwenye akili, wala kwenye kukusanya data, na hata ada pamoja na kuuma kwake sio inayowamaliza. Wanakwama pale sura ya tasnifu inapotoka kwenye laptopu ya mwanafunzi ikaenda kwa supavaiza, yaani msimamizi wake wa chuoni, na isirudi.

Kwa wasomaji ambao hii fani hawaijui niwaeleze kidogo. Mwanasaikolojia tiba sio daktari wa kuandika dawa, huyo ni daktari wa magonjwa ya akili na tunafanya naye kazi pamoja. Sisi tunapima, tunakaa na mtu, tunamtibu kwa mazungumzo yenye utaratibu na hatua zake, iwe ni sonona, hofu, majanga yaliyompata, pombe, au mtoto aliyeacha kuongea. Hapa nchini mtu anamaliza shahada ya kwanza, anaenda uzamili wa saikolojia tiba, kama ule wa Muhimbili ambao ni miaka miwili, darasani na wodini kwa wakati mmoja, halafu anayetaka kuendelea anaingia uzamivu ambao kwetu ni wa utafiti, yaani unaandika tasnifu, unaitetea, ndo unatunukiwa.

Na watu wananiuliza sana, sasa wewe mtibu wagonjwa tasnifu ya nini si ukatibu tu. Swali zuri. Mwaka 1949 wenzetu wa Marekani walikaa kikao mji wa Boulder kule Colorado wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba lazima afundishwe vyote viwili, kutibu na kutafiti, kwa sababu anayetibu bila kujua kupima kama tiba yake inafanya kazi ataendelea kufanya kitu kisichosaidia miaka na miaka bila kujua. Baadaye 1973 kikao kingine cha Vail, Colorado hiyo hiyo, kikakubali kuwe pia na udaktari unaoegemea zaidi kwenye kutibu, ubishi huo unaendelea mpaka leo. Mimi niko upande wa Boulder na sio kwa sababu ya vitabu, ni kwa sababu ya Kigoma. Tuna kambi ya Nyarugusu wilaya ya Kasulu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, kambi nyingine zikafunguliwa Kibondo na Kakonko, ya Mtendeli imeshafungwa. Una wakimbizi, una wenyeji wenye shida zao, una wavuvi wa ziwani wanaopotelea na ndugu zao. Njia za kutibu tunazotumia nyingi zimepimwa sehemu nyingine kabisa. Kwa mfano Shirika la Afya Duniani lina mpango wake unaoitwa PM+, vikao vitano tu, unaendeshwa hata na mtu asiye mtaalamu akishafundishwa na akawa anasimamiwa. Je unamsaidia mama wa Buhigwe anayelima mihogo na kulea wajukuu wanne? Hilo swali mtu wa kulijibu sawasawa ni kijana wa hapa anayejua Kiha, anayejua mama huyo akisema moyo unauma anamaanisha nini, na atakayebaki hapa baada ya kulijibu. Watafiti wengi ninaowaona kambini wanakuja, wanajaza dodoso, wanapanda ndege pale Kigoma mjini, majibu yao tunayasoma miaka miwili mbele kama tukibahatika kuyaona.

Kwa hiyo ninapoongelea tasnifu isiyoisha siongelei cheti cha mtu kutundika sebuleni. Naongelea maswali ya watu wetu ambayo yameshaulizwa, data imeshakusanywa, wagonjwa wameshatoa muda wao na machozi yao, na majibu yamelala kwenye flashi ndani ya droo.

Kukwama huku sio aibu ya Kigoma peke yake. Baraza la vyuo vya uzamili la Marekani, Council of Graduate Schools, liliwahi kufuatilia wanafunzi wa PhD wa fani mbalimbali kule kwao na Kanada, wakakuta takriban 57 tu kati ya 100 ndo walikuwa wamemaliza ndani ya miaka 10. Hao wana maktaba zisizofungwa na umeme usiokatika. Tofauti ni kwamba wao wakipoteza mmoja wanabaki na wengine mia, sisi wilaya nzima inaweza kuwa imebeba matumaini yake kwa mtu mmoja.

Sasa niende kwenye penyewe. Mwanafunzi wa uzamivu wa huku kwetu mara nyingi ni mwajiriwa. Anaanza na moto, proposo inapita, anaomba kibali cha maadili chuoni kwake na NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na cheti cha NIMR ni cha mwaka mmoja, ukichelewa unaomba kuongezewa. Halafu barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, halafu Mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na kama unaingia kambini kuna kibali cha Mambo ya Ndani juu yake. Haya yote yanachosha ila kila ofisi unajua ipo wapi, unakaa kwenye benchi unasubiri na mwisho unapata muhuri. Fildi nayo ni ngumu ila ina watu, ina wasaidizi, ina siku inaanza na siku inaisha. Anamaliza, anarudi kazini kwake, na hapo ndo balaa linapoanza. Ruhusa ya masomo ameshaitumia yote mwanzoni kwenye madarasa na fildi, sasa anatakiwa kuandika na mwajiri anamwambia bwana umeshatoka sana, rudi kwenye ratiba ya zamu. Anaona wagonjwa kutwa nzima, jioni watoto, saa nne usiku anafungua laptopu, rekodi ya mahojiano ya saa moja inamchukua masaa matano sita kuiandika neno kwa neno, bado kuitoa kwenye Kiha kuipeleka Kiswahili, na bado kuipeleka Kiingereza kwa sababu tasnifu inatakiwa Kiingereza. Anajikongoja hivo hivo miezi, anapata sura ya nne, anaisoma mara mbili tatu, anaituma kwa supavaiza kwa imeili na ujumbe wa heshima, Shikamoo Profesa, naambatanisha.

Kimya.

Anasubiri, anaogopa kukumbusha maana utamkumbushaje profesa. Vuli inaanza inaisha. Anatuma ujumbe wa pili wa kuulizia afya kwanza, hajibiwi, au anajibiwa nipo safarini nikirudi nitaangalia. Niliona kwa macho yangu majibu aliyopewa dada mmoja wa huku baada ya kusubiri hivo, sitataja chuo wala mtu. Sura nzima, kurasa sitini na kitu, mrejesho ulikuwa mistari miwili: fupisha, na sarufi iangaliwe. Akafupisha. Supavaiza wa pili naye alipoamka akasema mbona umeondoa maelezo muhimu, rudisha. Huyo dada alikuwa kwenye meza ya ofisini kwangu ananionyesha hizo imeili mbili kwenye simu, moja juu ya nyingine, na hakuwa analia wala nini, alikuwa ameishiwa tu, akaniuliza dada hivi kati ya hawa wawili namfuata nani? Mpaka leo hawajawahi kukaa simu moja, watatu, wakaamua.

Hapo mtu haachi rasmi. Hakuna barua ya kujitoa. Anaacha kufungua lile faili, basi. Ukimuuliza vipi tasnifu anasema ipo kwenye marekebisho, na anahama mada.

Na sisi wa fani hii tunapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote, maana ndo kitu tunachokitibu kila wiki. Kitu kikikutia hofu ukakikwepa, unapata nafuu palepale, na hiyo nafuu ndo inakufundisha kukwepa tena kesho, kila ukikwepa hofu inakua. Mwanafunzi haendi kwenye faili kwa sababu akilifungua kifua kinabana. Hapokei simu ya chuo. Anabadilisha njia asikutane na mwenzake aliyeanza naye akamaliza. Angekuwa ni mteja wetu tungemwambia nini? Tusingemwambia jitahidi, tusingemwambia una uzembe. Tungemshusha kwenye hatua ndogo kabisa yenye siku na saa, leo fungua faili uandike aya moja ya mbinu za utafiti, kesho nipigie saa moja jioni uniambie umejisikiaje, na tungekuwepo hiyo saa moja jioni. Ndo tiba yenyewe. Inaniuma kwamba kwenye idara zinazofundisha mambo haya mwanafunzi mwenyewe hafanyiwi.

Nimewahi kufanyiwa, ndo maana naijua. Supavaiza wangu wa pili ni mama mmoja, hatapenda nimtaje. Kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari alikuwa anapiga simu, nusu saa, niwe nimeandika nisiwe nimeandika. Nikisema Mama wiki hii sina kitu, alikuwa anasema sawa, nitumie hicho ambacho sio kitu, hata kurasa mbili. Na nikizituma zinarudi, pembeni maswali kwa wino mwekundu, na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho ameandika tarehe atakayosoma tena. Hiyo tarehe! Sijui niielezeje thamani yake. Nikiwa zamu, nimechoka, najua kuna mtu Dar es Salaam ametenga tarehe 14 kwa ajili ya sura yangu, lazima niwe na kitu cha kumpa. Sentensi zilizokuwa zimepinda aliziacha, alikuwa anauliza. Nimemtumia jedwali la matokeo lina namba nzuri zimepangika, yeye anaweka kidole kwenye mstari wa tatu anauliza, hawa walioacha tiba baada ya kikao cha kwanza walienda wapi? Ulimuuliza hata mmoja? Swali hilo lilinirudisha vijijini na likawa ndo moyo wa sura ya tano.

Na mwanzoni kabisa huyo huyo ndo alinikatia mada. Nilitaka wilaya tatu na kambi mbili na njia mbili za tiba kwa pamoja. Aliniachia wilaya moja na swali moja. Nilisononeka sana siku hiyo, ila wale tulioanza nao wenye mada za mkoa mzima wengi bado wako nazo.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye saikolojia tiba ni la hatari zaidi kuliko fani nyingine na naomba wakuu wa vyuo wanisome vizuri hapa. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, ambalo wanafunzi wetu wengi wanalitumia, lina maswali tisa, kila moja unajibu kuanzia 0 mpaka 3 kwa hali yako ya wiki mbili zilizopita, jumla 27. Swali la tisa linauliza kama umekuwa ukiwaza ni heri ufe, au kujidhuru. Sasa huyu mwanafunzi yupo kijijini ndani ndani Kasulu, chini ya mwembe nyuma ya zahanati, msaidizi wake ameshika kishikwambi, mama mwenye mtoto mgongoni anajibu swali la tisa kwa sauti ya kawaida kabisa: karibu kila siku. (Nimebadilisha vitu vidogo ili mtu asijitambue.) Msaidizi anabonyeza 3 na anainua macho anamtazama mwanafunzi.

Hapo utafiti unasimama. Unaweka dodoso pembeni, unakaa na yule mama, unamuuliza taratibu kama amepanga, nani yuko nyumbani, nani anamwamini, unahakikisha haondoki peke yake, unatafuta usafiri umfikishe panapotolewa huduma. Kwenye proposo ya mwanafunzi kulikuwa na sentensi inayosema mshiriki atakayeonekana na hatari atapewa rufaa kituo cha karibu. Kituo cha karibu ndo hicho hapo, kina muuguzi mmoja na foleni ya watoto wenye malaria. Mwanafunzi alifanya yote vizuri, akapata boda mbili, akaenda na mama na dada yake huyo mama mpaka hospitali, akarudi giza limeingia. Usiku akamwandikia supavaiza wake. Jibu lilikuja siku za mbele, likauliza yamebaki madodoso mangapi.

Mhariri, sisemi huyo supavaiza ni mtu mbaya. Pengine alisoma haraka akiwa kwenye foleni ya daladala. Ila huyo mwanafunzi alikaa wiki nzima hawezi kulala, na kila akifungua ile faili ya data kwenda kuchambua anakutana na ule mstari wenye 3. Mtu anayetibu ana haki ya kuwa na anayemsikiliza kuhusu wagonjwa wake, na hiyo usimamizi wa kitabibu tunaijua sote, tunaifundisha, huwezi kuona wagonjwa wa majanga bila kuwa na mtu wa kukaa naye na kuyapitia. Lakini mwanafunzi akishaingia uzamivu ghafla anahesabiwa ni mtafiti tu, anasimamiwa kurasa. Anayehoji watu waliokimbia vita, watu waliobakwa, watu wanaotaka kufa, na jioni anarudi gesti peke yake Kibondo, anahitaji supavaiza wa tasnifu na anahitaji pia mtu wa karibu wa kumsimamia kitabibu, ni vitu viwili na mara nyingi ni watu wawili.

Najua wasimamizi nao wana hali zao na nitakuwa sijatenda haki nisiposema. Ni wachache mno. Profesa mmoja ana wanafunzi wa uzamili, wa uzamivu, ana darasa la shahada ya kwanza la watu mamia, ana kliniki, ana mradi wa wafadhili unaomdai ripoti, na linapokuja suala la kupanda cheo kinachotazamwa sana ni machapisho yake, sio kwamba alimbeba mtoto wa mtu kutoka Uvinza mpaka akamaliza. Usiku wa Alhamisi ule wa yule mama supavaiza wangu haukuandikwa popote kwenye faili lake la utumishi. Ukitaka watu wafanye kitu, basi kihesabu. Chuo kiandike kwenye tathmini ya mhadhiri, amesimamia wangapi, wamemaliza wangapi, rasimu alizopokea amezirudisha kwa muda gani. Hiyo ya mwisho hasa.

Na ninachokiomba mimi sio kikubwa. Siku mwanafunzi anapopangiwa wasimamizi, wakae wote, hata kwa simu, wasaini karatasi moja. Ndani yake iandikwe rasimu ya sura itarudi ndani ya wiki tatu, kama supavaiza yuko safarini aseme lini atarudi, na wiki tatu zikipita mratibu wa uzamivu wa idara aulize, aulize YEYE sio mwanafunzi, maana mwanafunzi hawezi kumdai mwalimu ambaye kesho ndo atakayempitisha. Wasimamizi wakipingana wapeane simu kwanza wao kwa wao ndo watoe neno moja kwa mwanafunzi. Iandikwe pia akipata tukio la hatari fildi anampigia nani usiku huo huo, jina na namba, sio kituo cha karibu. Ripoti za maendeleo zipo, zinajazwa na kusainiwa, lakini nimeona ripoti zimesainiwa anaendelea vizuri huku mwanafunzi hajawasiliana na mtu tangu mwaka uliopita.

Kuhusu msimamizi wa karibu kanuni nyingi zinataka msimamizi awe na PhD, nakubali, tasnifu sio mchezo. Ila huku mikoani tuna madaktari wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia wenye uzamili na uzoefu wa miaka mingi, watambuliwe kama wasimamizi wa fildi kwa barua rasmi na posho yake hata ndogo, wamshike mwanafunzi upande wa wagonjwa huku profesa akimshika upande wa tasnifu. Na kwa kuwa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanajenga kampasi hapa kwetu Kigoma kupitia mradi wa HEET, mradi ule mkubwa wa elimu ya juu wa fedha za Benki ya Dunia, naomba kwenye zile ramani za madarasa na maabara kitengwe chumba kimoja tu cha wanaoandika. Meza, umeme wa uhakika, intaneti, na HINARI iwe imeunganishwa, maana huo mpango wa kufungua majarida ya tiba kwa nchi zetu upo tangu 2002 na bado nakutana na wanafunzi wananunua bando kutafuta makala ambayo chuo chao kina haki ya kuisoma bure. Chumba kiwe wazi kwa mwanafunzi wa chuo chochote. Mtu wa Urambo au Kaliua akija wiki mbili za kuandika apate pa kukaa.

Waajiri nao, hospitali na halmashauri. Ruhusa ya masomo msiimalize yote mwanzoni. Igaweni. Wekeni akiba ya miezi ya mwishoni mtu akae aandike, mnamrudisha kazini akiwa na data mbichi halafu mnashangaa baada ya miaka sita hana kitu na mshahara wa ngazi yake mmeulipa wote. Uingereza mafunzo yao ya udaktari wa saikolojia tiba ni miaka mitatu na mwanafunzi ni mwajiriwa wa NHS, huduma yao ya afya ya umma, analipwa mshahara huku anasoma, na siku za kuona wagonjwa na siku za masomo na utafiti zimetenganishwa kwenye ratiba. Hatuna fedha zao, ila kutenganisha siku hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji mganga mfawidhi akubali kwamba Ijumaa fulani huyo mtu haoni wagonjwa wala hapangwi zamu.

Kwa wadogo zangu mlioko ndani ya hili, machache. Kabla hujakubali supavaiza tafuta waliomaliza kwake uwaulize anarudisha baada ya muda gani, sio ana machapisho mangapi. Sura ya mbinu iandike ukiwa bado fildi, wakati unakumbuka kwa nini kijiji kile kilirukwa. Kila kikao cha simu ukimaliza andika mliyokubaliana, umtumie siku hiyo hiyo, Profesa nimeelewa hivi na hivi, kama sivyo naomba unirekebishe, itakuokoa siku supavaiza atakapobadilika au kustaafu, na wanastaafu. Ukishatetea usipumzike, marekebisho ya watahini yana tarehe yake na nina ninaowafahamu walioshangilia siku ya kutetea, wakala pilau, wakaja kukwama kwenye marekebisho ambayo yalikuwa ya mwezi mmoja. Na ukikwama sema. Njoo useme. Tuko wachache ila tupo, Jumamosi tunakaa watu watano sita na laptopu zetu tunaandika kimya masaa mawili halafu tunakunywa chai na kusomeana. Kuna kaka wa Tabora anajiunga kwa simu, anaiweka mezani akiwa ameiwasha tu bila kuongea, anasikia tunavyobonyeza naye anabonyeza. Mwezi uliopita alituma sura yake ya mwisho.

Ameituma, Mhariri, na mpaka naandika barua hii hajajibiwa.

Ndo maana naomba kupitia gazeti lako wakuu wa vyuo vyote vinavyotoa uzamivu wa saikolojia na afya ya akili nchini watujibu swali moja, hadharani: kwenye kanuni zenu za uzamivu supavaiza akipokea rasimu ana siku ngapi za kuirudisha, na zikipita anaulizwa na nani?

Mwanasaikolojia tiba,
Mwanga, Kigoma
(Jina limehifadhiwa)